Iritungu au Ngoma? Sheria Yenye Utata na Hukumu ya Mtegaji wa Kitendawili

Katika muhula wa pili wa mwaka 2024 nilikuwa mwalimu mwanagenzi katika shule moja viungani mwa mji wa Kehancha, Kaunti ya Migori. Siku moja nilipewa kipindi cha fasihi simulizi katika Gredi ya 8. Nilikuwa nimejiandaa kama tulivyofunzwa chuoni: andalio la somo mkononi, orodha ya vitendawili iliyonakiliwa kutoka kitabuni, na majibu yakiwa yamepangwa mkabala na mafumbo yake. Nikaanza: "Kitendawili!" Darasa likaitika kwa sauti moja: "Tega!" Nikasema: "Nikimpiga mwanangu, watu hucheza." Mkono wa msichana mmoja wa safu ya nyuma ulikuwa juu kabla sijamaliza.

"Iritungu, Mwalimu."

Nikachungulia orodha yangu. Jibu lililoandikwa pale lilikuwa "ngoma". Nikamwambia msichana yule, kwa upole nilioudhani kuwa wa kialimu, kwamba amejaribu ila hajapata. Mvulana wa safu ya mbele akasema "ngoma", wenzake wakampigia makofi kwa amri yangu, nasi tukaendelea na kitendawili cha pili. Ilinichukua muda kung'amua kwamba darasa lilikuwa limepoa. Walioitika "Tega!" kwa kishindo sasa walikuwa wakiitika kama watu wanaojibu sajili ya mahudhurio. Msichana yule hakuinua mkono tena siku hiyo, wala wiki iliyofuata.

Kwa msomaji asiyejua, iritungu ni kinubi kikubwa cha Wakuria, chenye nyuzi nane na sauti nzito inayosikika kifuani kabla ya kusikika masikioni. Hupigwa, na kikipigwa watu hucheza. Ukilipima jibu la msichana yule kwa mizani ya Kiswahili, neno kwa neno, hakuna mahali linapopungua. Kitenzi "kupiga" hakidai kijiti wala kiganja: twapiga gitaa, twapiga zeze, twapiga pasi, twapiga picha na twapiga simu. Nalo neno "mwanangu" katika vitendawili halimaanishi mtoto wa kuzaa, bali kitu chochote ambacho mtegaji amekimiliki kwa ajili ya fumbo. Basi mtoto yule alivunja sheria gani ya lugha, au sheria gani ya mchezo? Hakuvunja yoyote. Alitofautiana na karatasi yangu tu.

Makala haya yametokana na kosa hilo langu. Ninakusudia kudai kwamba kitendawili ni mchezo ambao sheria yake imeachwa na utata kwa makusudi, na kwamba mchezo wa namna hiyo hauwezi kuchezwa pasipo mwamuzi aliye hai, anayeonekana na anayeweza kuulizwa. Tulipomwondoa mwamuzi huyo madarasani na kuweka mahali pake mwongozo wa kusahihishia, tulidhani tunaleta haki. Kwa maoni yangu tuliiondoa.

Tuanze na mtegaji mwenyewe. Vitabu vyetu vya fasihi simulizi huorodhesha sifa za kitendawili, na kila mmoja wetu amewahi kuzikariri kabla ya mtihani: kina fomyula ya kuanzia, ni kifupi, hutumia sitiari, huhitaji hadhira. Ruth Finnegan aliutengea utanzu huu nafasi katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, na Lyndon Harries akaushughulikia katika makala ya mwaka 1971. Lakini jambo moja ambalo sifa zile za kukariri hulipita haraka ni wingi wa vyeo anavyopewa mtu mmoja katika mchezo huu. Mtegaji ndiye anayetunga au kuteua fumbo. Ndiye anayesikiliza majibu. Ndiye anayeamua lipi limefika na lipi halijafika. Wenzake wakishindwa, ndiye anayetoza faini, yaani mji. Na akiisha kupewa mji ndiye anayefichua jibu. Katika kandanda mtu huyo angekuwa mchezaji, refa na kamati ya nidhamu kwa wakati mmoja, na mashabiki wangevamia uwanja kabla ya mapumziko.

Tena mamlaka yake hayaishii kwenye jibu. Chukua suala la mji. Sheria inasema tu kwamba aliyeshindwa atoe mji. Haisemi mji wa ukubwa gani. Watoto wa Kehancha watakupa Isebania, na mtegaji hodari atakataa: "Huko naenda kwa miguu, nipe mwingine." Watampa Migori, atakataa. Watampa Tarime ng'ambo ya mpaka, atafikiri kidogo, kisha aseme anataka Mwanza au Nairobi. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayompa haki ya kukataa, na hakuna inayomnyima. Anajaribu tu kuona hadhira itamvumilia hadi wapi. Akipewa mji wake, ataanza safari: alikwenda Nairobi, akapokelewa hivi, akala vile, akawakumbuka waliomtuma, na kadhalika, mpaka watu wachoke kusubiri. Urefu wa safari nao ni hiari yake.

Kwa nini basi mamlaka makubwa kiasi hicho hayageuki kuwa udhalimu? Kwa sababu mtegaji huhukumu mbele ya watu, na watu hao wana silaha. Wanaweza kucheka. Wanaweza kuguna. Wanaweza kusema "hilo nalo ni jibu gani?" na maneno hayo yakamfuata mtu hadi kisimani siku ya pili. Mtegaji akifichua jibu lisilolingana na fumbo, aliyeaibika ni yeye, wala si walioshindwa kutegua. Isitoshe, baada ya dakika chache zamu humwendea mwingine, na hakimu wa sasa hukaa chini kuhukumiwa. Wengi wetu tuliokua tukitegana vitendawili jioni, ugali ukisubiriwa, tunakumbuka kwamba nusu ya raha ilikuwa katika mabishano. Mtu alikuja na jibu ambalo mtegaji hakuwa amelifikiria, akalitetea, na mara nyingine mtegaji akakubali kwa shingo upande: "Langu lilikuwa jingine, lakini hilo nalo limefika." Kukubali huko kulimpa heshima kuliko ushindi.

Mchezo wenye mwamuzi wa namna hii haupatikani kwetu peke yetu, na ni vyema tutazame wengine walivyohangaika na tatizo lile lile. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha huko Marekani mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Huchezwa mezani na watu wachache. Kila mchezaji huchukua nafasi ya mhusika mmoja wa kubuni, naye husema mhusika wake anafanya nini: anafungua mlango, anakimbia, anamdanganya mlinzi. Mmoja wao hachezi nafasi ya mhusika kama wenzake. Yeye ni msimamizi wa mchezo, ndiye anayeijua dunia ile ya kubuni na kusema matokeo ya kila tendo, ama kwa kurusha dadu, ama kwa kauli yake tu. Sasa mchezaji akisema, "Ninaufunga mlango kwa kamba ya kiatu changu ili adui asipite," hakuna ukurasa wa kitabu cha sheria utakaoeleza kama kamba ya kiatu itahimili. Msimamizi ataamua. Vile vijitabu vitatu vya mwaka 1974 vilikuwa vifupi na vyenye mapengo mengi, na kila meza ililazimika kuyajaza mapengo hayo kivyake. Yeyote aliyewahi kutega kitendawili ataitambua kazi ya msimamizi huyo mara moja.

Asili ya mamlaka hayo inafurahisha zaidi, kwani ilitoka jeshini. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, Georg von Reisswitz, alitoa kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani. Makamanda wa pande mbili walitoa amri, na mwamuzi akakokotoa hasara kwa dadu na majedwali. Majedwali yale yalikuwa na sababu nzuri: yalimzuia mwamuzi asipendelee. Lakini kadiri miaka ilivyopita yaligeuka mzigo. Mwaka 1873 Wilhelm Meckel aliyakosoa, na mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois akapendekeza kwamba sehemu kubwa ya majedwali iwekwe kando, na mwamuzi, kwa kuwa ni ofisa mwenye uzoefu wa vita, aamue kwa busara yake. Tuzingatie kwamba hawakuwa washairi hawa, wala watu wa kupenda mambo yaende shaghalabaghala. Walikuwa wanajeshi wa Prussia! Nao ndio waliofikia uamuzi kwamba kitabu kikizidi unene hakimfundishi ofisa kufikiri. Aidha, uhuru wa mwamuzi uliambatana na wajibu: mchezo ukiisha alikaa na makamanda kujadili yaliyotokea.

Ni haki pia kusema kwamba safari imewahi kwenda kinyume. Kati ya mwaka 1977 na 1979 mchezo ule wa Gygax ulitolewa upya katika vitabu vinene vyenye sheria nyingi, na mojawapo ya shabaha zake ilikuwa kuleta ulinganifu, ili mashindano yaliyokusanya meza nyingi yawe na kipimo kimoja. Hapo ndipo fundo la mjadala wetu lilipo. Meza moja ikicheza peke yake, hukumu ya msimamizi inatosha, maana walio mezani wanamwona na kumhoji. Meza mia zikilinganishwa, hukumu ya mtu mmoja huanza kuonekana kama hatari, na watu hukimbilia maandishi. Mtihani wa taifa ni meza mia zilizozidishwa mara maelfu.

Mwanafalsafa wa sheria H. L. A. Hart, katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu dhana ya sheria, ametusaidia kuona tofauti ambayo husahaulika. Anatoa mfano wa kanuni inayokataza vyombo vya usafiri bustanini. Gari limekatazwa, hilo liko wazi. Lakini je, baiskeli? Lugha yoyote ya binadamu, hata ikiandikwa kwa uangalifu namna gani, ina kiini kilicho wazi na pembezoni zenye giza, na katika giza hilo lazima mtu aamue. Kisha anatofautisha michezo miwili. Katika mchezo wa kwanza kuna sheria, na mwandika-alama huitafsiri pale inapokuwa na utata. Anaweza kukosea, na sisi tunaweza kusema amekosea, kwa sababu sheria ipo nje yake. Katika mchezo wa pili hakuna sheria ila moja: alama ni chochote atakachosema mwandika-alama. Kwa maoni yangu, mchezo wa pili hauna maana ya kuchezwa.

Wanaoogopa hukumu ya mtegaji hudhani kwamba mchezo wa kitendawili ni ule wa pili. Sivyo. Kitendawili kina sheria, tena kali: jibu sharti libebe kila neno la fumbo. Hebu turudi kwenye fumbo letu la Kehancha tulijaribu. Mtu akijibu "redio", tunaweza kumkatalia bila kumwonea, kwa kuwa katika Kiswahili redio hufunguliwa au huwashwa. Anayeipiga huwa betri zimekwisha, na wakati huo hakuna achezaye. Mtu akijibu "simu", ni kweli hupigwa, lakini watu hawachezi ng'o. Je, akijibu "mpira"? Hapa mtegaji ana kazi. Mpira hupigwa, na watu hucheza, kwani kitenzi "kucheza" kina mabawa mawili katika lugha yetu: kucheza ngoma na kucheza mchezo. Mtegaji mkali atasema kwamba katika fumbo kupiga ndiko kunakozaa kucheza, ilhali mpira hupigwa ndani ya mchezo ambao tayari umeanza. Mpinzani atamjibu kwamba hakuna mechi inayoanza kabla ya mtu kuupiga mpira kutoka kati. Mimi binafsi ningelikubali jibu la "mpira" baada ya kusikia hoja hiyo, na nisingelikubali kabla ya kuisikia. Lakini "iritungu" halihitaji hoja yoyote. Liko katika kiini, pale pale ilipo ngoma.

Kehancha yenyewe ina funzo hapa, nami nalitaja kwa tahadhari kwa kuwa ni mgeni. Wakuria, wa pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, wana vyombo vya maamuzi ambavyo wanaanthropolojia wameviandika sana. Kuna inchama, baraza la siri la wazee, ambalo pamoja na mengine hupanga msimu wa tohara. Kuna pia iritongo, mkutano wa hadhara ambapo mashauri ya jamii huletwa mbele ya watu na kuzungumzwa. Sina nia ya kulipaka rangi nzuri lolote kati ya hayo. Inchama hasa imelaumiwa kwa miaka mingi kuhusiana na ukeketaji, ambao sheria ya Kenya ya mwaka 2011 iliupiga marufuku. Ninachotaka ni kuazima tofauti ya namna mbili za kuhukumu. Namna moja ni ya faraghani: uamuzi hutoka ukiwa umekamilika, na anayeupokea hajui nani alisema nini. Namna ya pili ni ya uwanjani: mwenye shauri yupo, wasikilizaji wapo, na anayeamua hulazimika kuyasema yaliyompelekea kuamua.

Mtegaji ni wa iritongo. Mwongozo wa kusahihishia ni wa inchama. Mimi niliyesimama mbele ya Gredi ya 8 nikiwa na orodha mkononi nilikuwa nimeleta uamuzi uliofanywa mbali, na watu nisiowajua, kuhusu kitu ambacho msichana yule alikifahamu kuliko mimi na kuliko wao. Hata sikumwuliza kwa nini amesema iritungu. Laiti ningemwuliza, kosa lingekuwa limerekebishika hapo hapo.

Mazoea haya yana historia. Mtihani wa KCPE ulifanywa kuanzia mwaka 1985 hadi 2023, na katika karatasi ya Kiswahili tulizoea kukutana na swali la kutegua kitendawili lenye majibu manne ya kuchagua. Mtahiniwa alitia alama kwenye herufi moja akaenda zake. Tazama kilichobaki cha mchezo. Mtegaji hayupo. Mji haupo. Safari ya kwenda mjini haipo. Mabishano hayapo. Hata nafasi ya kuwaza haipo, kwa maana jibu limekwisha kuwekwa mezani na kazi ya mtoto ni kulinyooshea kidole. Walimu, ambao si wajinga na wanajua mtihani unapima nini, wakawa wanafundisha vitendawili kama msamiati: upande wa kushoto fumbo, upande wa kulia jibu, kariri. KCPE imekwisha, na mtaala wa umilisi unasema mengi mazuri kuhusu ubunifu na mawasiliano, lakini mazoea hayakuzikwa pamoja na mtihani. Orodha niliyokwenda nayo darasani mwaka 2024 ilikuwa ya namna ile ile.

Najua nitakavyojibiwa. Katika mwaka wa mwisho wa KCPE watahiniwa walikuwa takriban milioni 1.4. Ukimpa kila msahihishaji uhuru wa kuamua, atakayesahihishiwa na mkarimu atafaulu na atakayesahihishiwa na mkali ataanguka kwa jibu lile lile. Hoja hii ina uzito, na sitajifanya siioni. Ndiyo iliyowaletea Waprussia majedwali na Gygax vitabu vinene. Upo pia upendeleo wa karibu zaidi. Mwalimu anayeamua kwa busara yake anaweza kuamua kwamba busara iko daima kwa watoto wa jamaa zake, au wa ukoo wake, au wa dhehebu lake. Katika maeneo ya mpakani kama Kuria, ambako koo zina kumbukumbu ndefu, si jambo la kubuni.

Hata hivyo, tuulize: mwongozo huo mmoja ulitungwa wapi na nani, akiwa amezungukwa na vitu gani? Fumbo hufanya kazi kwa kuwaamsha watu wamkumbuke mwana gani apigwaye nyumbani kwao. Ukiliweka jibu "ngoma" kuwa ndilo pekee, umemtoza mtoto wa Kehancha faini kwa sababu nyumbani kwao kuna iritungu. Kesho utamtoza faini mtoto wa Pwani kwa chombo chake, na wa Turkana kwa chake. Ulinganifu wa namna hii ni sawa na kuwapima watu wote kwa kiatu cha mtu mmoja. Wote wamepimwa kwa kipimo kile kile, lakini wako wanaochechemea.

Tena dawa haihitaji kutafutwa mbali. Miongozo mingi ya kusahihishia insha na fasihi huwa na kauli ndogo mwishoni: "au jibu lolote mwafaka." Naipenda kauli hiyo. Ni ufa ambao mtegaji hupenyea kurudi chumbani. Kwa nini isiwepo katika kitendawili, utanzu ambao kati ya tanzu zote ndio uliozaliwa nayo? Swali la mtihani linaweza kumtaka mtahiniwa ategue fumbo na aeleze kwa sentensi mbili jinsi jibu lake linavyolichukua kila neno. Alama kubwa iende kwenye maelezo. Msahihishaji naye, akikataa, aandike neno moja la sababu pembezoni. Kazi itaongezeka, sikatai. Lakini tutakuwa tunapima kitu ambacho kitendawili kilibuniwa kupima, yaani uwezo wa kuona mfanano kati ya vitu na kuutetea mfanano huo kwa lugha fasaha. Kwa sasa tunapima kumbukumbu, na tungeweza kuipima kwa jedwali la hisabati.

Kwa upande wetu wanafunzi wa Kiswahili, tusingoje baraza lolote la mitihani. Makongamano yetu huwa na ngonjera na mashairi; kitendawili huletwa kama kiburudisho cha dakika mbili wakati kipaza sauti kinatengenezwa. Kipewe saa nzima, mtegaji awe na mamlaka yake yote, na hadhira iwe na haki ya kukata rufaa. Mwenye kukata rufaa asimame aeleze. Nina hakika tutajifunza maana zaidi za "kupiga" na "kucheza" katika saa hiyo kuliko katika mihadhara miwili ya semantiki, na wahadhiri wangu wanisamehe.

Nilirudi katika darasa lile wiki mbili baadaye bila orodha. Nikawaeleza wanafunzi kwamba jibu la "iritungu" lilikuwa sahihi, kwamba aliyekosea ni mimi, na kwamba siku hiyo watatega wao. Kimya. Mwalimu kukiri kosa ni jambo linalowatia wanafunzi wasiwasi kidogo. Hudhani kuna mtego. Mvulana mmoja akajaribu fumbo la kitabuni, mwingine la kitabuni tena. Kisha msichana wa safu ya nyuma akasimama bila kuinua mkono.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimekaa kwetu, naambiwa karibu ugenini."

Hilo sikuwahi kulisoma popote. Wenzake walijaribu: mpaka, mgeni, mtoto mchanga. Akakataa yote, na kila alipokataa alisema kwa nini. Mpaka haukai kwetu wala kwao, mgeni hayuko kwao, mtoto mchanga hakaribishwi ugenini bali nyumbani. Nami nikajaribu, nikakataliwa kama wengine. Tukampa mji. Nilimpa Kisii. "Huko ni karibu, Mwalimu." Nikampa Kisumu. Akatikisa kichwa. Nikampa Nairobi, akaipokea, akatuzungusha huko kwa muda mrefu kuliko ratiba ya shule inavyoruhusu, kisha akasema: "Simu ya mkononi." Darasa likalipuka. Kwao ni jirani na mpaka, na simu ikinasa mtandao wa upande wa pili hupokea ujumbe wa kukaribishwa Tanzania, ilhali mwenye simu amekaa jikoni mwake anamenya viazi.

Kabla kelele hazijatulia, mvulana mmoja karibu na dirisha akasema kwamba jibu linaweza pia kuwa msichana aliyeposwa: bado yuko kwao, na tayari wakwe wanamwambia karibu. Msichana yule akamtazama, akafikiri. Akaomba afafanue neno "karibu" linasemwa na nani na wakati gani. Nusu ya darasa ilikuwa imesimama, kila mmoja akitaka kusema, wakati kengele ilipolia, na mwalimu wa Hisabati alikuwa tayari mlangoni.